Maji taka ya nyumba za wazee: kuyapima ni kupeleleza aibu zao?



Mwezi wa Shaaban nilikuwa Kinyangiri, wilaya ya Mkalama, mkoa wa Singida, kwa mwaliko wa ndugu mmoja tuliyesoma naye madrasa, ambaye rizki imempeleka huko na amefungua chuo kidogo cha watoto. Kwa aliyezowea Unguja na Pemba, ile ni nchi nyengine: ardhi kavu, mashamba ya alizeti na mtama, na maji ya kuhesabiwa kwa ndoo. Baada ya sala ya Isha tulikaa nje ya msikiti, na kijana mmoja anayefanya kazi za afya akaniuliza suali ambalo sikulitarajia: “Shekhe, nimesoma kwamba Ulaya wanapima maji ya vyoo vya nyumba za wazee ili wayajue maradhi kabla wazee hawajaugua. Ikiletwa kwetu, yafaa? Au ni kumpeleleza mtu mpaka chooni kwake?”

Waliokuwepo walicheka. Mimi nilimjibu kwa ufupi kwamba asili ya matibabu ni kuruhusiwa, tukaagana. Lakini jibu lile halikunitosheleza mwenyewe, na niliporudi nyumbani nililitafuta jambo hili kwa watu wa fani yake. Nililoliona ni kwamba mas-ala haya yameshatufikia zamani, ila hatukuyapa jina.

Tuanze na jambo lenyewe lilivyo, kwani hukumu ya kitu hufuata kukifahamu. Mtu akiingiwa na maradhi ya kuambukiza, mengi kati yake hutoka pamoja na kinyesi chake. Kipindupindu, homa ya matumbo na polio ndivyo yanavyosafiri. Hata korona, ambayo sote tuliijua kuwa ni maradhi ya kifua, ilikutwa chooni. Na mara nyingi vijidudu huanza kutoka siku chache kabla mtu hajahisi chochote, na kwa wengine hutoka wasiugue kabisa. Basi mahali ambapo vyoo vya watu wengi humiminika kwenye bomba moja, chupa moja ya maji hayo, ikipelekwa maabara na kupimwa vinasaba vya vijidudu, huwasemea watu wote waliotumia vyoo vile. Haisemi nani anaumwa. Husema tu kwamba maradhi yamo. Hakuna aliyedungwa sindano, wala aliyeulizwa jina lake.

Wengi wetu tuliisikia khabari hii kupitia Gaza. Mwezi wa Juni 2024, vita vikiwa vimevunja mabomba na maji machafu yanapita baina ya mahema, zilichukuliwa sampuli za maji taka Khan Younis na Deir al-Balah. Mwezi uliofuata ikatangazwa kwamba kirusi cha polio kimeonekana. Wakati huo hapakuwa na mtoto hata mmoja aliyejulikana kupooza. Mwezi wa Agosti akathibitishwa mtoto mchanga wa miezi kumi, mguu umelegea, mgonjwa wa kwanza wa polio katika eneo lile kwa miaka 25. Chanjo ikaanza tarehe 1 Septemba, na katika duru ya kwanza wakafikiwa zaidi ya watoto laki tano na nusu. Maji taka yalipiga kelele kabla ya mgonjwa, na watu wakapata pa kuanzia hata katikati ya mabomu.

Karibu na sisi pia yapo. Nairobi mwaka 2018, mtaa wa Eastleigh ambao wengi wa wakaazi wake ni Waislamu, kirusi cha polio kilionekana kwenye maji taka. Kampala mwaka 2021 kikaonekana vivyo hivyo, na Uganda ikaandaa chanjo ya nchi nzima. London, pamoja na utajiri wake wote, mwaka 2022 ilikikuta kwenye mtambo wake wa maji taka wa Beckton, na watoto wa mji huo wa kuanzia mwaka mmoja mpaka tisa wakaitwa kuchanjwa upya. Tanzania mwaka 2023 ilikuwa kinyume: aligundulika kwanza mtoto mgonjwa mkoani Rukwa, ndipo chanjo ikapelekwa mikoa sita ya magharibi na kusini magharibi. Tofauti ya njia hizi mbili ni kwamba katika ile ya pili, yupo mtoto ambaye tayari ameshalipa kwa mguu wake.

Nalisema na hili kwa uwazi, kwa sababu najua mazungumzo ya barazani. Kirusi kilichoonekana Gaza, Kampala na Nairobi kilitokana na kile kirusi kilichodhoofishwa cha chanjo ya matone, ambacho hutoka na kinyesi cha mtoto aliyechanjwa. Kikizunguka muda mrefu baina ya watoto wasiochanjwa hubadilika na kupata nguvu tena. Anayelificha hili huwapa wapotoshaji silaha. Anayelisema nusu, akaacha kwamba kinachokipa nafasi ya kuzunguka ni uchache wa chanjo, naye amedanganya.

Sasa tuje kwa wazee, maana suali la Kinyangiri lilikuwa juu yao.

Korona ilipoingia Ulaya, mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani wa kanda ile alisema mwezi wa Aprili 2020 kwamba hadi nusu ya waliokufa kwa maradhi hayo walikuwa ni watu wa kwenye nyumba za matunzo. Sababu haifichikani: miili imedhoofika, vyumba vimekaribiana, na mhudumu mmoja huwashika kumi kwa mikono ile ile. Mzee akiugua, mara nyingi hana hata homa. Huonekana tu kula kidogo na kulala sana, na watu husema ni uzee. Kwa hiyo wakati wa kungojea dalili, maradhi yameshapita kitanda hata kitanda. Ndipo wataalamu wa Hispania na kwengineko wakajaribu kupima maji yanayotoka katika nyumba hizo moja moja. Mfano unaotajwa sana si wa wazee bali wa wanafunzi: chuo kikuu cha Arizona, Marekani, mwezi wa Agosti 2020, maji ya bweni moja yalionesha kirusi, wakapimwa wakaazi 311, wakapatikana wawili wanaoumwa bila ya kujijua. Wawili wale wakatengwa na bweni likaendelea na maisha yake. Ukilifikiri hilo kwa nyumba ya wazee, utaona faida yake: kuwatenga wawili kwa wiki mbili ni kwepesi kuliko kuwafungia arubaini kwa miezi.

Na sisi tuna nyumba hizo. Hapa visiwani Serikali ina Sebleni na Welezo kwa Unguja, na Limbani kwa Pemba. Bara, Wizara ya ustawi wa jamii inasimamia makazi ya wazee katika mikoa kadhaa, mengi yao yalianza kuwa ni makambi ya wagonjwa wa ukoma. Mkoa wa Singida wenyewe una Sukamahela, wilaya ya Manyoni, mbali na Kinyangiri. Hizi si nyumba za watu waliochoka kuishi na wazee wao, kama tunavyozisema za Ulaya. Wengi wa waliomo hawana mtu. Kwa hiyo hata ulinzi ule wa mtoto au mjukuu anayekuja na kusema “bibi leo hayuko sawa” haupo, na mwangalizi wao ni jamii yote ya Waislamu, yaani mimi na wewe.

Hata hivyo nyumba ya wazee iliyo kubwa kuliko zote kwetu haina kibao mlangoni. Ni kile chumba cha uani. Mama amepooza upande mmoja, baba hatoki tena, wapo na wajukuu sita ndani ya uwa mmoja, na choo ni kimoja. Kinyangiri nako ni hivyo hivyo. Nilipomuuliza yule kijana wako wapi wazee wao wasiojiweza, alinionesha nyumba tatu kutoka pale tulipokaa. Tukilizungumza jambo hili kana kwamba linawahusu wa Sebleni peke yao, tutakuwa hatujawafikiria wazee tunaolala nao.

Nakumbuka mwaka 2020 na mwanzo wa 2021. Mwaka 2020 Tanzania ilitoa hesabu ya wagonjwa 509, kisha hesabu zikasita kutolewa kwa zaidi ya mwaka. Makaburini hapakusita. Zipo wiki ambazo nilisalia maiti za wazee mpaka nikawa siwezi tena kukumbuka nani alizikwa lini, na kila nyumba ilisema ni kifua, ni presha, ni umri. Maalim Seif Sharif Hamad, Allah amrehemu, alikuwa ni katika wachache ambao chama chake kilitangaza hadharani maradhi yake, na akafariki tarehe 17 Februari 2021. Sitaki kufungua mjadala wa siasa. Nataka kusema tu kwamba maji taka hayapokei maelekezo ya mtu. Uholanzi mwezi wa Machi 2020 waliviona vinasaba vya kirusi kwenye maji taka ya miji ambayo bado ilikuwa na wagonjwa wachache sana au hawajajulikana kabisa. Lau tungekuwa na kipimo kama kile, imamu wa msikiti angeweza kuwaambia wazee wa safu ya mbele: kwa mwezi huu salini nyumbani. Wako waliokufa kwa ajali zao zilizoandikwa, na hatumkadirishii Allah. Lakini kuchukua sababu tumeamrishwa.

Basi tukirudi kwenye suali: je, huu si upelelezi uliokatazwa?

Katika Suratul-Hujurat Allah ametukataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana, na makatazo hayo yamekuja pamoja kwa sababu yanazaana. Upelelezi uliokatazwa ni wa kumtafutia mja aibu aliyoifunika Mola wake. Kuyapima maji ya nyumba yenye watu hamsini, usimjue yeyote, kwa nia ya kuwakinga, hakuingii hapo kwa rai yangu. Lakini angalia idadi. Nyumba ikiwa na wazee watano, na bomba la chumba kimoja likapimwa peke yake, hapo “hatumjui mtu” ni maneno tu. Mhudumu anajua nani amelala chumba kile. Na maji taka husema mengi kuliko maradhi ya mlipuko. Humo huonekana pia dawa mtu anazokunywa, hata virusi vya maradhi ambayo jamii yetu bado inayaonea aibu. Ruhusa ya kutafuta kipindupindu si ruhusa ya kutafuta kila kitu. Kinachotafutwa kitajwe kabla, kiwe ni maradhi ambayo hatua yake ya kuyazuia ipo, na mabaki ya sampuli yasihifadhiwe kwa ajili ya udadisi wa baadaye.

Je, wazee waulizwe? Mwenye akili yake aulizwe, na aelezwe kwa lugha yake. Nimeona tabia mbaya ya kumsemea mzee mbele yake, kana kwamba uzee umeondosha ulimi. Mzee wa Kizanzibari ukimwambia “tunataka kuyaangalia maji ya vyoo kabla maradhi hayajaingia vitandani mwenu”, atakupa na dua. Aliyepotewa na kumbukumbu huchukuliwa idhini kwa walii wake, na asiye na walii basi mtawala ndiye walii wake, na hapo mkuu wa nyumba ajue kwamba anasimama mahali pa mtoto wa mzee, si mahali pa afisa tu.

Mas-ala ya najisi ni mepesi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kugusa najisi kwa haja hakumtoi mtu katika twahara ya udhu. Anachotakiwa ni kuosha iliyomgusa. Mtu wa maabara, mhudumu anayebadilisha nguo za mzee, fundi wa karo, wote hawa wako katika ibada wakinuia, na si haki kuwaona kuwa ni watu wa chini. Na wanazuoni wetu hawakuwa wageni wa maji taka. Baraza la Wanavyuoni Wakubwa la Saudi Arabia mwaka 1398 Hijria (1978) lilitoa uamuzi kwamba maji ya najisi yakisafishwa mpaka yasibaki na athari ya najisi katika ladha, rangi wala harufu, huwa twahara, na Jopo la Fiqhi la Makka mwaka 1409 (1989) likaenda njia hiyo hiyo. Walichokifanya kabla ya kuamua ni kuwauliza wahandisi na wataalamu namna maji yale yanavyosafishwa. Hiyo ndiyo adabu ninayoitaka katika jambo hili pia.

Wapo watakaosema: tumtegemee Allah, tusiwachimbie wazee vyoo. Hawa nawakumbusha safari ya Umar (r.a.) kwenda Sham. Alipofika Sargh, makamanda walimpokea na khabari kwamba tauni imeingia nchi ile. Umar hakuwa amemuona mgonjwa hata mmoja. Aliwaita Muhajirina akawashauri, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, na hao wazee ndio ambao hawakukhitilafiana: walimwambia arudi na watu. Akarudi. Abu Ubayda (r.a.) alipomuuliza kama anaikimbia qadari ya Allah, alimjibu kuwa anaikimbia qadari moja kwenda kwenye nyengine, akampigia mfano wa mchunga ngamia na pande mbili za bonde, mmoja una majani na mwengine mkavu. Kisha akaja Abdulrahman bin Auf (r.a.) na hadithi ya Mtume (s.a.w.) ya kutoingia palipo na tauni wala kutoka kwa kuikimbia. Uamuzi mkubwa namna ile ulijengwa juu ya khabari iliyotangulia. Chupa ya maji taka nayo ni khabari iliyotangulia, na hukumu yake ni kama ya khabari nyengine: hutazamwa ukweli wake, kisha hushauriwa.

Na hapo penye ukweli wake ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa kuwa wapo watakaokuja kutuuzia mashine.

Kipimo hiki kilizaliwa katika miji yenye mabomba. Kinyangiri hakuna bomba la maji taka. Kuna vyoo vya shimo. Kwetu, Mji Mkongwe una mitaro yake ya zamani inayoishia baharini, na kwengineko tunaishi na makaro na mashimo. Bomba hupitisha maji ya leo. Karo hukusanya ya miezi, na vinasaba vya vijidudu huweza kubakia humo muda mrefu baada ya mgonjwa kupona au kufa, kwa hiyo karo likikujibu “ndiyo” hulijui kama linasema la jana au la mfungo uliopita. Ukitia klorini au dawa ya kuulia wadudu chooni, jambo ambalo nyumba safi hulifanya kila siku, huenda ukaifuta alama uliyoitafuta. Sisi Waislamu hustanji kwa maji mengi, Alhamdulillah, na maji mengi huizimua sampuli. Na wazee hasa, walio dhaifu kupita wote, hawaendi chooni kabisa: wanavalishwa nepi au wanapewa beseni kitandani, na nepi hutupwa na taka ngumu. Wale tunaowahofia zaidi ndio ambao maji taka hayawasemei. Hata Ulaya walipambana na tatizo hilo hilo.

Kipindupindu nacho kina ugumu wake. Vijidudu vyake huishi vyenyewe katika maji ya chumvi kidogo na ya maingilio ya bahari, hivyo kuvikuta kwenye mtaro wa pwani si sawa na kuvikuta kwenye karo la nyumba. Tabibu James Christie, aliyekuwa akiishi Zanzibar zama za Masultani, aliandika kitabu kizima kilichotoka mwaka 1876 juu ya kipindupindu cha Afrika Mashariki, na sisi wa leo tuliokaa nyumbani mwaka 2016 skuli zikiwa zimefungwa na wauza vyakula wamezuiliwa tunajua kwamba bado hakijatuaga. Mpango wa Zanzibar wa kukitokomeza, wa miaka kumi kuanzia 2018 mpaka 2027, umeweka uzito kwenye maji safi na vyoo. Kipimo cha maji taka kinaweza kuutumikia mpango kama huo, lakini hakiwezi kukaa mahali pake.

Kwa hiyo nikiulizwa pesa zianzie wapi katika nyumba ya wazee yenye shida, nitasema sabuni, glavu, maji yasiyokatika, na mhudumu wa pili wa usiku. Niliwahi kwenda kumzuru mzee mmoja katika nyumba ambayo siitaji, nikamkuta mhudumu anaosha mikono kwa maji ya kopo moja baina ya mzee na mzee, na sabuni imekwisha tangu juzi. Kuiletea nyumba kama ile kipimo cha vinasaba ni kumpimia mtu kiu yake. Penye sabuni na karo linalofikika, hapo kipimo kina maana, hasa kama kitafanywa kila wiki na si mara moja kwa ajili ya picha, na maabara ikawa karibu kiasi cha jibu kurudi ndani ya siku mbili tatu.

Kwa mahali kama Kinyangiri nina rai nyengine kabisa, na nilimtumia yule kijana kwa ujumbe wa sauti. Mzee wa kule, kama mzee wa chumba cha uani Makunduchi au Micheweni, haletewi maradhi na mzee mwenzake. Analetewa na mjukuu. Basi anayetaka kumlinda bibi apime na asafishe kule mjukuu anakoshinda: choo cha skuli, choo cha chuo cha Qur'ani, choo cha kituo cha afya, pale ambapo shimo moja hukusanya mitaa mizima. Sampuli chache katika sehemu hizo zingesema mengi juu ya kijiji kuliko kuzunguka nyumba hadi nyumba, na zisingemvunjia heshima mtu yeyote. Kwa wazee wa kitandani, nepi yenyewe inaweza kuchukuliwa sampuli kwa idhini ya wenyewe pindi kukiwa na shaka.

Limebaki la mwisho, nalo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi kuliko yote ya fiqhi: jibu likirudi “ndiyo”, nini kitafanyika? Mwaka 2020 nchi za watu ziliwafungia wazee vyumbani, wakafa wakiwaona watoto wao nyuma ya kioo. Hadithi ya tauni inatufundisha kuzuia maradhi, haitufundishi kumtupa mgonjwa. Kwa maoni yangu haijuzu kuanzisha kipimo katika nyumba ya wazee kabla ya kuandikwa na kukubaliwa yale yatakayofuata: nani atapimwa mwenyewe mmoja mmoja, chumba gani kitatengwa, jamaa gani ataruhusiwa kuingia na barakoa na mikono safi, nani atamlisha aliyetengwa, na mauti yakikaribia nani atakaa naye kumtalkinia shahada. Kukata udugu kwa mzee wa miaka themanini kwa sababu ya chupa ya maji ambayo huenda imesema ya mwezi uliopita ni madhara, na madhara hayaondoshwi kwa madhara mfano wake. Jibu hilo lipelekwe pia kwa wazee wenyewe na jamaa zao, lisiishie katika meza ya ofisi.

Hukumu yangu basi ni kuwa yafaa, na pengine ikafika kuwa wajibu kwa mwenye mamlaka pale maradhi yakiwa yameshaingia mji na uwezo upo, kwa masharti niliyoyataja ya kutaja kinachotafutwa, kuchukua idhini, kuficha majina na kuandaa hatua. Ninaowaheshimu katika wanazuoni wenzangu wapo wanaoona idhini ya wazee wote ni lazima bila ya kubagua. Rai yao ina nguvu katika nyumba ndogo, na mimi kwa nyumba ya watu wachache nasimama nao.

Yule kijana alinijibu siku ya pili. Hakugusia maabara. Aliuliza suali jengine: mama yake anamhudumia bibi yake aliyelala, nguo zake huingia najisi mara nne tano kwa siku, na maji ni ndoo mbili, vipi sala zake? Nilimwambia amwekee mama yake kanga na nguo moja safi ya kusalia, isitumike kwa kazi nyengine, akitaka kusali anawe sehemu iliyoguswa, avae hiyo, asali. Maji ya ndoo yakiwa hayatoshi kunywa, kumsafisha bibi na kutawadha, bibi na kinywa ndio wa mwanzo, naye atayammam. Wala asizirudie sala hizo.

Wallaahu A'lam.